Fedha za Serikali kwa watumishi wa kinywa na meno: namna ya kuziomba ukiwa Dar es Salaam

Maombi mengi ya fedha za watumishi wa meno hufia kwenye ukurasa wa kwanza. Mwombaji ana hoja, ana hata takwimu, ila amegonga mlango usio wake: ameomba mshahara kwa mfadhili anayetoa vifaa, ameomba kiti cha meno kwenye fungu la mafunzo, au ameomba ajira ya kudumu kwa ofisi isiyo na mamlaka ya kuajiri. Mwongozo huu ni kwa waganga wafawidhi, waratibu wa huduma za kinywa na meno wa halmashauri, makatibu wa afya, vyuo, na asasi za kiraia za jijini. Sehemu ya takwimu na ya bajeti tumezirefusha kwa makusudi, kwa sababu huko ndiko ombi hupita au huanguka.

Hatua ya 1: Taja kwa jina unachokiomba

"Kuimarisha rasilimali watu katika afya ya kinywa" ni maneno ya warsha. Anayegawa fedha anataka kujua ni kada gani, wangapi, kituo gani, kwa muda gani. Daktari wa meno husoma shahada ya DDS miaka 5 na kufanya utarajali mwaka 1. Tabibu meno ana stashahada. Mteknolojia wa maabara ya meno hutengeneza meno ya bandia na hamtibu mgonjwa kwenye kiti. Ukiandika "wataalamu wa meno 4" bila kutenganisha, anayepitia ombi hawezi kukokotoa mshahara wala kujua kama ikama yako, yaani orodha ya nafasi za watumishi zilizoidhinishwa, inawaruhusu.

Kuna mhusika mmoja ambaye karibu kila andiko linamsahau: mhudumu anayesaidia kwenye kiti, anayeosha na kuchemsha vifaa, anayeandikisha wagonjwa. Asipokuwepo, kazi hizo humwangukia tabibu. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kada nyingine zote, na hapo chini utaona anaokoa saa ngapi.

Baada ya kutaja kada, amua unaangukia fungu lipi: nafasi ya kudumu serikalini, ajira ya mkataba, mafunzo kwa mtumishi uliyenaye, au vifaa na mazingira vitakavyomwezesha aliyepo kufanya kazi yake. Kila fungu lina mlango wake. Ukiyachanganya yote manne katika barua moja, kila ofisi itakayoipokea itasema si yetu.

Hatua ya 2: Chagua mlango

*Nafasi ya kudumu.* Mshahara wa mtumishi wa Serikali hulipwa na Hazina kupitia fungu la mishahara, na hakuna ruzuku ya mradi inayochukua nafasi hiyo. Njia yake ni ikama. Kituo kinapeleka mahitaji kwa Mganga Mkuu wa Manispaa au Jiji, yanaingia katika ikama na bajeti ya mishahara ya halmashauri, yanakwenda Ofisi ya Rais, Utumishi, kwa kibali, kisha nafasi hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira. Kazi yako ni kuhakikisha nafasi ya tabibu meno imo kwenye ikama. Nafasi isiyokuwemo haiwezi kupata kibali hata kama mkurugenzi anakuunga mkono kwa moyo wote.

*Ajira ya mkataba.* Vituo vingi vya umma huajiri kwa mkataba kwa mapato ya ndani, yaani makusanyo ya papo kwa papo na malipo ya bima. Huduma ya meno ina faida hapa kwa kuwa inaingiza fedha. Ukionyesha kuwa kiti cha pili kinakaa bila mtu na kwamba kikifanya kazi kitarudisha mshahara wa mtumishi wa mkataba, Kamati ya Usimamizi wa Kituo itakuelewa haraka kuliko hoja yoyote ya kitaalamu. Hospitali za mashirika ya dini zenye mkataba wa huduma na halmashauri zinaweza pia kuomba kupangiwa watumishi wa Serikali. Kliniki binafsi ya biashara isitarajie hilo.

*Uendeshaji, vifaa, huduma za mkoba.* Hapa kuna Mfuko wa Pamoja wa Afya, ambao tangu mwaka wa fedha 2017/18 hupeleka fedha moja kwa moja kwenye akaunti za vituo. Fedha hizo hufuata mpango wa kituo na Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri. Shughuli ya meno isiyoandikwa kwenye mpango haitapata senti, na ikiandikwa ni lazima iwe katika orodha ya matumizi yanayoruhusiwa na mwongozo wa mfuko.

*Majengo na maabara za kufundishia.* Chuo kinaweza kuangalia Mfuko wa Elimu unaosimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania (TEA), ulioanzishwa kwa Sheria Na. 8 ya mwaka 2001. Utafiti una mlango wake COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, pale Kijitonyama. Ukigusa wagonjwa, weka muda wa kupata kibali cha maadili kabla ya tarehe ya kuanza.

Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ni mikopo isiyo na riba na haihesabiwi kama ruzuku. Kikundi cha vijana wateknolojia wanaotaka kufungua maabara ya meno ya bandia wanaweza kuifikiria, mradi waingie wakijua watarejesha.

Hatua ya 3: Takwimu, na hesabu yake

Andiko likianza kwa kusema Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ina madaktari wa meno kama 3.3 kwa kila watu 100,000, anayesoma hutikisa kichwa na kufungua ukurasa unaofuata. Takwimu hiyo ameiona kwenye kila andiko. Asichokiona mara nyingi ni hesabu ya kituo chako.

Anza na watu. Sensa ya 2022 iliukuta Mkoa wa Dar es Salaam na watu 5,383,728: Jiji la Dar es Salaam, yaani Ilala, 1,649,912, Temeke 1,346,674, Ubungo 1,086,912, Kinondoni 982,328, Kigamboni 317,902. Gawanya idadi ya halmashauri yako kwa viti vya meno *vinavyofanya kazi*, na usivihesabu vile vilivyofunikwa nailoni. Kwa mfano tu, Temeke ikiwa na viti 20 vya umma vinavyofanya kazi, kila kiti kingebeba watu wapatao 67,334.

Ila jiji hili halifuati mipaka ya halmashauri. Mkazi wa Kigamboni hupanda pantoni akatibiwa upande wa pili; wa Ubungo hushukia Mwananyamala kwa sababu daladala lake linapita hapo. Kwa hiyo chukua rejesta ya meno ya MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) ya miezi 12, hesabu wagonjwa kwa makazi yao, uandike asilimia wanaotoka nje ya halmashauri. Sentensi hiyo moja humjibu diwani atakayeuliza kwa nini kituo cha kata moja kinataka watumishi watatu.

Kisha pima mzigo wa kazi kwa WISN, njia ya Shirika la Afya Duniani ambayo waganga wakuu na makatibu wa afya wanaifahamu. Tuifanye kwa kituo cha mfano chenye watumishi 2 wa meno na viti 2. Namba ni za kuonyesha njia. Wewe weka zako.

Muda wa mtumishi mmoja kwa mwaka: siku za kazi 260, toa 20 za likizo, toa 15 za sikukuu zinazoangukia siku za kazi, toa 10 za mafunzo na ugonjwa. Zinabaki 215. Kwa saa 8 kila siku ni saa 1,720.

Kazi za mwaka kutoka kwenye rejesta:

- Uchunguzi 5,000 × dakika 15 = saa 1,250
- Kung'oa 3,600 × dakika 30 = saa 1,800
- Kuziba 900 × dakika 45 = saa 675
- Kusafisha 300 × dakika 40 = saa 200

Jumla ni saa 3,925. Gawanya kwa 1,720 upate 2.28. Hiyo ni tiba peke yake. Kama kuchemsha vifaa, ripoti, vikao na elimu ya afya shuleni vinakula asilimia 20 ya muda, gawanya 2.28 kwa 0.80 upate 2.85. Kituo kinahitaji watumishi 3, kina 2. Uwiano wa waliopo kwa wanaohitajika ni 2 ÷ 2.85, sawa na 0.70. Chini ya 1 maana yake watumishi wanabeba kuliko uwezo, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo hali inavyokuwa mbaya.

Wengi huishia hapo. Mkaguzi mzuri atauliza: huyo wa tatu atakaa kwenye kiti gani? Jibu liwe tayari. Kiti hakiendi likizo, hivyo kina siku 245 kwa mwaka, saa 1,960. Saa 3,925 ukizigawa kwa 1,960 zinakuwa viti 2.00 kamili. Mtumishi wa tatu basi haji kufungua kiti kipya. Anaziba pengo la likizo, anakwenda shuleni, anawapokea wenzake ili viti viwili visisimame. Andika hivyo hivyo. Ukiomba wa nne, itakubidi uombe na kiti.

Na yule mhudumu? Akichukua uchemshaji wa vifaa na uandikishaji, ile asilimia 20 ikashuka hadi 10, kila tabibu anapata saa 172 zaidi kwa mwaka. Kwa dakika 45 kwa jino ni karibu meno 229 ya kuzibwa.

Tazama pia uwiano wa kung'oa na kuziba: 3,600 kwa 900, yaani meno 4 yanang'olewa kila linapozibwa 1. Hii ndiyo hoja kali kuliko zote ulizonazo. Foleni ikiwa ndefu na mtumishi ni mmoja, kung'oa humaliza mgonjwa mapema, na jino lililoweza kuokolewa huondoka. Weka uwiano huo wa sasa, weka na unaoukusudia baada ya miezi 12 na 24, na ahadi iwe ya kiasi. Kutoka 4:1 hadi 3:1 kwa mwaka wa kwanza kunaaminika. Ukiandika 1:1 utaulizwa vifaa vya kuzibia vitatoka wapi.

Kosa linaloangusha hesabu yote ni tofauti kati ya rejesta na ripoti ya DHIS2, mfumo wa kompyuta zinakoingizwa takwimu za vituo. Kama rejesta inasema 3,600 na mfumo unasema 2,950, anayepitia ombi ataamini mfumo. Linganisha mwezi kwa mwezi kabla hujaandika lolote. Mara nyingi tatizo ni ripoti za miezi miwili mitatu zilizochelewa kuingizwa, na mratibu wa MTUHA anaweza kukueleza namna ya kuzirekebisha.

Hatua ya 4: Andiko lenyewe

Kwa maombi ya ndani ya Serikali, kurasa 6 hadi 8 zinatosha, bila viambatisho. Anza na nusu ukurasa inayoeleza nani anaomba, kiasi gani, kwa ajili ya nini, kwa muda gani, na kitabadilika nini. Mkurugenzi anaweza kusoma hiyo tu, basi iandike mwisho, baada ya kumaliza mengine yote.

Tatizo lielezwe kwa hesabu za Hatua ya 3. Shughuli ziandikwe kwa vitendo: "kuajiri tabibu meno 1 kwa mkataba wa miezi 12, kituo cha afya fulani, kuanzia Julai". Kila shughuli iwe na mhusika anayetajwa kwa cheo, tarehe, na ushahidi utakaoonyesha imefanyika. "Kuhamasisha" na "kuwajengea uwezo" ziondoe kila unapozikuta. Weka idadi ya watu, siku na mada.

Sehemu ya uendelevu ndiyo humtoa mtu jasho. Fedha zikiisha, mtumishi huyu atalipwa na nani? Jibu la "Serikali itamchukua" halikubaliki bila barua. Linalokubalika lina vipande viwili: nafasi imeshaombwa kwenye ikama ya mwaka unaofuata, nakala imeambatishwa, na mpaka kibali kitakapotoka, mapato ya kitengo cha meno yatabeba asilimia fulani ya mshahara, mchanganuo umeambatishwa. Weka mapato halisi ya miezi 12 iliyopita ukitenganisha fedha taslimu na madai ya bima. Madai yaliyokataliwa yatoe. Usiyahesabu kama mapato.

Viambatisho vinavyoombwa mara kwa mara: muhtasari uliosainiwa wa Kamati ya Usimamizi wa Kituo, nakala ya mpango wa kituo wenye shughuli hiyo, namba ya usajili wa kituo, leseni hai za wataalamu kutoka Baraza la Madaktari Tanganyika, maelezo ya kazi ya nafasi inayoombwa, na profoma (hati za bei kutoka kwa wauzaji) za vifaa. Leseni zikague wewe mwenyewe. Tabibu ambaye hajahuisha leseni yake hugeuza andiko zuri kuwa kesi ya nidhamu.

Hatua ya 5: Bajeti isiyokuumbua

Anza na gharama kamili ya mtu. Mwajiri asiye wa Serikali akiweka mshahara wa shilingi 900,000 kwa mwezi, gharama yake si 900,000. Ongeza mchango wa mwajiri NSSF, asilimia 10, ambayo ni 90,000. Ongeza Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, asilimia 0.5, ambayo ni 4,500. Kwa mwezi ni 994,500, kwa mwaka 11,934,000. Mwenye wafanyakazi 10 au zaidi aongeze na tozo ya kuendeleza ujuzi. Asasi iliyoomba 10,800,000 itagundua mwezi wa 11 kwamba haina mshahara wa mwisho, na hapo ndipo fedha za vifaa huanza kuchotwa kulipia mishahara.

Vifaa huliwa na VAT. Profoma nyingi za Kariakoo na Posta huandikwa bila kodi, na mwisho wa karatasi kuna mstari mdogo unaosema VAT haimo. Asilimia 18 ya kiti cha milioni 15 ni milioni 2.7. Soma mstari huo kabla hujahamisha namba.

Kiti peke yake hakitibu. Orodha ya chini kabisa ina kiti na taa yake, kompresa isiyotumia mafuta, mashine ya kufyonza mate, autoklevu (ya kuchemshia vifaa kwa mvuke), hendipisi (vishikio vya kutobolea jino) za kutosha, stabilaiza, na kazi ya fundi bomba na umeme. Hendipisi ndizo hukosewa sana. Kila moja inapaswa kuchemshwa baada ya kila mgonjwa, na mzunguko mzima wa autoklevu, kuanzia kupasha joto hadi kukausha, hukaribia saa nzima hata kama lile joto la nyuzi 134 lenyewe hushikiliwa dakika chache tu. Kiti chenye hendipisi mbili kitasimama kusubiri autoklevu, au mtumishi atashawishika kufuta kwa spiriti na kuendelea. Weka 5 au 6 kwa kiti.

Dar ina jambo lake la maji. Visima vingi vya jijini vina chumvi, na chumvi hiyo huua autoklevu na mabomba madogo ya kiti ndani ya muda mfupi. Kama kituo hakitegemei maji ya DAWASA moja kwa moja, weka mashine ya kuchuja au fungu la kununua maji yaliyotoneshwa. Haya ni matumizi ya kila mwezi, yaingie kwenye bajeti ya uendeshaji, si ya ununuzi wa mara moja. Matengenezo nayo yapewe mstari wake. Asilimia 5 hadi 10 ya thamani ya vifaa kwa mwaka ni kadirio linaloeleweka.

Ukiweka mashine ya eksirei, weka pia leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki na kinga ya chumba. Bila hivyo utakuwa umenunua mashine ya kuifunika shuka.

Halmashauri na vituo vya umma hununua kupitia NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni. Ratiba yako iwe na muda wa zabuni, na katika maelezo ya kifaa taja sifa zinazotakiwa, usitaje chapa.

Hatua ya 6: Kalenda na njia ya barua

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Maandalizi ya mipango ya vituo na halmashauri hushika kasi kuanzia Novemba, baada ya mwongozo wa mpango na bajeti kutoka. Januari na Februari vikao vya halmashauri na baraza la madiwani hupitisha. Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi Juni. Anayezinduka Machi amechelewa kwa mwaka mzima. Tumia Julai hadi Septemba kusafisha takwimu, Oktoba kupata profoma na kuitisha kamati ya kituo, Novemba mapema kuhakikisha shughuli imeingizwa kwenye PlanRep, mfumo wa mipango na bajeti wa halmashauri, na namba ya kifungu ni sahihi. Shughuli ya kuajiri ikiingizwa kwa bahati mbaya kwenye kifungu cha ukarabati, fedha zitafika na hutaweza kuzitumia.

Barua inakwenda kwa Mkurugenzi, K.K. (kupitia kwa) Mganga Mkuu wa Manispaa, na nakala kwa mratibu wa kinywa na meno. Usiruke ngazi. Barua iliyopelekwa moja kwa moja wizarani hurudishwa kwa Mganga Mkuu wa Mkoa, naye humuuliza wa manispaa, ambaye ndiye uliyemruka, na sasa anaisoma akiwa amekasirika. Zungumza na mratibu wako kabla ya barua: yeye ndiye atakayekutetea kwenye kikao cha timu ya uendeshaji wa huduma za afya, mahali ambapo meno hushindana na uzazi, malaria na chanjo, na kwa kawaida hushindwa. Mpe karatasi moja yenye hesabu ya WISN na uwiano wa kung'oa kwa kuziba aende nayo.

Mafunzo kwa waliopo na wanafunzi

Mtumishi wa umma anayetaka MDent (shahada ya uzamili ya meno) au kozi nyingine ndefu awe amethibitishwa kazini, jina lake limo kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri, na ana kibali cha mwajiri kabla ya kuomba ufadhili wa Wizara ya Afya. Matangazo hutaka barua ya udahili, na MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, ina dirisha lake la udahili. Ukisubiri tangazo la ufadhili ndipo uombe chuo, dirisha moja kati ya hayo mawili litakuwa limefungwa. Andiko la kituo lijibu swali moja: atakapokuwa masomoni, nani atakaa kwenye kiti chake?

Wanafunzi wanakwenda Bodi ya Mikopo. Shahada wamo tangu zamani, na tangu 2023/24 wanafunzi wa stashahada za afya nao wanaweza kuomba. Ni mkopo, utalipwa. Kinachokwamisha zaidi ni cheti cha kuzaliwa ambacho hakijahakikiwa RITA, kwa hiyo kihakiki mapema kabla dirisha la OLAMS, mfumo wa kuombea mkopo mtandaoni, halijafunguliwa na foleni kuwa ndefu.

Fedha za serikali za nje

Wengi hutafuta mtandaoni "ruzuku ya watumishi wa meno" na kuangukia mpango wa Marekani unaosimamiwa na HRSA, wakala wa afya wa serikali yao. Ni mpango wa kweli, ila ni kwa ajili ya majimbo na himaya za Marekani tu, na sheria yao inalitaka jimbo lichangie fedha zisizopungua asilimia 40 ya ruzuku inayopewa. Asasi ya Mbagala haina nafasi humo. Kinachofaa kuazimwa ni muundo: wanatazama maeneo yenye uhaba uliothibitishwa, na orodha yao ya shughuli inagusa kumbakiza mtaalamu, kama kumlipia deni la masomo akikubali kwenda sehemu yenye uhaba, pamoja na kinga shuleni. Kwa fedha za Marekani zilizo wazi kwa asasi za nje, anza na usajili wa SAM.gov, tovuti ya serikali yao ya kusajili waombaji, ambao haulipiwi na huweza kuchukua wiki kadhaa. Hakikisha jina la asasi linafanana herufi kwa herufi na la cheti cha usajili.

Ubalozi wa Japani hapa Dar una mpango wa ruzuku ndogo za kijamii unaokubali asasi na serikali za mitaa. Hulipia majengo na vifaa. Mishahara na matumizi ya kila siku haulipii, na hutaka bei kutoka kwa wauzaji watatu. Ukienda nao, omba viti na autoklevu, kisha ambatisha barua ya halmashauri inayothibitisha kuwa watumishi wa kuvitumia wapo. Bila barua hiyo ombi haliwezi kusimama.

Asasi ikisaini mkataba wa fedha unaozidi shilingi milioni 20, Kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali za mwaka 2018 zinaitaka kuuwasilisha Hazina na kwa Msajili wa mashirika hayo ndani ya siku 10. Siku hizo huanza kuhesabiwa kwenye kusaini. Fedha kuingia benki hakuna uhusiano nazo.

Fedha zikiingia, au zikikataliwa

Fungua jalada moja la mradi siku ya kwanza: barua ya kuidhinishiwa, mikataba ya ajira, mahudhurio, hati za malipo, risiti za EFD. Matumizi ya kituo cha umma yaingizwe kwenye mfumo wa uhasibu wa kituo kila yanapotokea. Anayengoja mwisho wa robo hukuta salio la benki na la mfumo havilingani na hajui aanzie wapi. Masurufu ya huduma za mkoba yarejeshwe kabla ya kuomba mengine. Kifaa kikifika, kipewe namba ya mali na kuandikwa kwenye daftari la mali siku hiyo hiyo, vinginevyo mkaguzi wa CAG atakiandika yeye, kama hoja. Kama mtumishi ameacha kazi mwezi wa nne, toa taarifa kwa maandishi na uombe kubadilisha. Usiuhamishie mshahara wake kwenye posho za safari hata kama fungu linaonekana limetulia.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi ndani ya wiki hiyo, ukianza na mratibu wako. Kama sababu ni ukomo wa bajeti, andiko lako halina tatizo: lihuishe kwa takwimu za miezi sita mipya na ulirudishe Oktoba. Kama ni takwimu kutolingana, rudi kwenye rejesta na DHIS2 kwanza. Kama ni "haipo kwenye ikama", usiandike upya neno hata moja. Nenda kwa Afisa Utumishi ukaulize tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ikama ya mwaka unaofuata, uibandike ukutani kwenye ofisi ya mganga mfawidhi.